Seli Zinazobomoa Mfupa na Seli Zinazoujenga

Mabibi na mabwana, mfupa huu wa paja la kuku nimeuloweka katika siki kwa siku kadhaa, na kama mnavyoona, sasa unapindika bila kuvunjika. Siki ni tindikali. Imeyeyusha madini ya kalsiamu na fosfeti yanayoupa mfupa ugumu, ikaacha nyuzi za kolajeni zinazouzuia usivunjike ovyo. Nimeanza na mfupa huu kwa sababu kazi iliyofanywa na siki jikoni kwangu inafanyika pia ndani ya mifupa yenu, hata sasa mkiwa mmeketi hapa.

Mbomoaji ni seli iitwayo osteoklasti, ambayo huzaliwa pale seli kadhaa za ukoo wa chembe nyeupe za damu zinapoungana na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi. Hujibandika juu ya mfupa na kuziba ukingo wake pande zote, mfano wa kikombe kilichofunikwa kifudifudi mezani, kisha humimina tindikali ndani ya nafasi hiyo. Madini yakishayeyuka, vimeng'enya vyake, hasa kathepsini K, huikatakata kolajeni, jambo ambalo siki yangu imelishindwa. Kalsiamu inayopatikana huingia katika damu, ambako moyo na misuli huisubiri, kwa maana karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imewekwa akiba katika mifupa na meno.

Baada ya wiki chache mbomoaji huondoka, na shimo alilolichimba huingiwa na osteoblasti, ambazo chimbuko lake ni uboho. Hizi hutandaza kolajeni kwanza, na madini huganda ndani yake polepole, hata shimo moja likachukua miezi kadhaa kujaa. Naomba tukae hapa kidogo. Aliyewahi kushuhudia bomoabomoa anajua kwamba ukuta ulioangushwa asubuhi moja hauinuki kwa asubuhi moja. Homoni ya estrojeni huwazuia wabomoaji wasizidi. Mwanamke anapokoma hedhi na homoni hiyo ikapungua, mashimo huwa mengi kuliko mafundi wanavyoweza kuyajaza, na ndipo nyonga, kifundo cha mkono au pingili za mgongo zinapovunjika kwa kujikwaa tu. Kwa hiyo kusema kwamba mifupa ya bibi "imeishiwa kalsiamu" ni kueleza nusu ya habari, tena nusu ndogo.

Nani basi huamua pa kubomoa? Baadhi ya osteoblasti hunaswa ndani ya mfupa zinaoujenga na kugeuka osteositi, ambazo ni zaidi ya asilimia 90 ya seli zote za mfupa mkomavu. Huunganishwa kwa matawi membamba yanayopita katika vijia vya mfupa, na kwa njia hiyo huhisi uzito unaoubana. Uzito ukikosekana, osteositi hutoa ishara ya kuwaita wabomoaji. Wanaanga wakiwa angani wamepoteza kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini ya nyonga kwa mwezi, na si kwa sababu ya kukosa chakula.

Mfupa wa kuku naupitisha sasa, muupinde wenyewe. Mniwie radhi kwa harufu ya siki.