Mji wa Mvua Uliokaukiwa

Ndugu zangu waongoza watalii, na ninyi wenye hoteli mliokaa nyuma, haya nimeyasema sana hapa Moshi na leo nayarudia. Kila nikipita naona msingi wa hoteli mpya unachimbwa, na hakuna anayeuliza habari ya maji.

Chukueni mfano wa mji wa Tofino, ulioko Kanada, magharibi mwa Kisiwa cha Vancouver. Wakazi hawafiki 3,000. Mbele ni Pasifiki, ambako wageni huteleza juu ya mawimbi kwa ubao, nyuma ni msitu wa mvua. Mvua yake kwa mwaka inapita milimita 3,000, zaidi ya mara tatu ya hii yetu ya mjini.

Sasa sikilizeni. Mwishoni mwa Agosti 2006 mji huo ulikaukiwa maji. Hoteli na migahawa ikaagizwa kufunga, tena wikiendi ya sikukuu, vyumba vimejaa! Hebu fikiria umesimama mapokezi, mgeni ameshalipa, nawe unamwambia afungashe. Maji yakaja kwa malori kutoka mji jirani, Ucluelet. Malori ya maji, katikati ya msitu wa mvua!

Kwa nini? Kule mvua kubwa ni ya majira ya baridi. Kiangazi vijito hunywea, na kiangazi ndipo wageni hufurika. Akiba ilikuwa ndogo, basi.

Kuna atakayeniambia, “Mzee, sisi tuna theluji ya Kilimanjaro.” Jamani! Maji yetu mengi yanatoka msituni, si kwenye barafu. Na mlima wetu unajaa wageni lini? Julai, Agosti, Septemba, mvua hakuna, mfongo, ule mfereji wetu wa maji kutoka mlimani, umebaki uzi, mama yuko bondeni anangoja zamu yake ya kumwagilia migomba. Ndipo mgeni anashuka na vumbi la siku sita, anafungulia bomba la mvua nusu saa. Simlaumu, amelipia. Namuuliza aliyejenga bila tangi.

Habari ya Meares, kisiwa kinachowapa Tofino maji, ambacho Watla-o-qui-aht, wenyeji wa asili wa huko, walizuia kisikatwe miti mwaka 1984, ingetaka siku nzima. Ile asilimia 1 ya mapato ambayo baadhi ya wafanyabiashara wa Tofino wanawatolea wenyeji hao kwa hiari, tutaiongea tukikutana tena.

Leo nataka jambo moja. Kila mwenye hoteli aandike Septemba anatumia lita ngapi kwa siku, kutoka chanzo kipi, na nani yuko chini yake kwenye mfongo huo. Karatasi ziko mlangoni.