Mashindano ya kuteleza barafuni niliyoyapenda msimu wa 2024 na 2025, na jibu kwa wanaosema naringa

Assalaam aleikum ndugu zangu, na nyote mlioko Kisauni, Likoni, Majengo, Changamwe, hamjambo. Leo sina habari za kazi wala za theluji, hayo mshayasikia mpaka mmechoka. Nataka nijibu hili swali manake kila video nikiweka, hata ile ya biriani, nafungua komenti nalikuta lishatangulia: dada, hayo mashindano yako ya barafu ya msimu huo yepi uliyapenda zaidi, na pesa za kuendea wazitoa wapi. Swali la kwanza nalipenda wallahi. La pili najua lina nini ndani yake, kwa hivyo tulimalize hilo kwanza.

Ukumbini nimeingia Boston tu, huku Marekani, kwenye ubingwa wa dunia wa Machi 2025. Na si wiki nzima, ni ile Ijumaa ya fainali ya wanawake. Mengine yote niliyowahi kuyazungumza hapa niliyaangalia kwa simu, nimekaa kitandani baada ya zamu miguu imevimba. Tikiti nilinunua mapema sana, kiti cha juu kabisa karibu na paa, na ukijumlisha ile ada wanayoichomeka mwishoni ambayo huioni mpaka ushaandika namba za kadi, ilikula mshahara wa zamu mbili za usiku za kulea wazee, zamu nilizofanya mimi kwa mgongo huu huu. Sikukopa mtu, sikuchangisha. Sasa nikisema ilikuwa ghali mwasema nalalamika na nikisema nilienda mwasema naringa, basi nichukulieni kama ninavyowaambia, ni pesa yangu na niliitumia kwa kitu nakipenda.

Kuna mtu wa ukoo wetu, simtaji, aliandika kwenye grupu la familia kwamba pesa za kuangalia watu wakiteleza ziko lakini za mchango wa harusi hazikuonekana. Mchango niliutoa. Niliutoa kwa mkono wa mama na risiti ya M-Pesa ninayo, lakini mpaka leo hakuna aliyerudi kwenye grupu akasema samahani. Hilo liliniuma kuliko bei ya tikiti.

Na hata kulipa kwenyewe kulinitoa jasho. Jina langu kwa pasipoti lina "binti" katikati, kwa kadi ya benki halipo, na kwa kitambulisho cha huku wamelibana na jina la babu yakawa kitu kimoja. Malipo yakawa yanarudi. Napiga simu nawekewa muziki, akija mtu aniuliza jina langu kamili ni lipi kati ya hayo, namwambia yote ni mimi, ataka barua ya kuthibitisha. Barua ya tikiti! Mnaotaka kuja huku nyoosheni majina kwenye karatasi zote kabla hamjapanda ndege, ingawa hiyo ni hadithi yangu mimi, wako wenye majina kama langu hawakuguswa hata siku moja.

Haya, mashindano.

Wajuzi wengi watawaambia kubwa lilikuwa fainali ya Grand Prix, ule msururu wa mashindano ya msimu, Disemba 2024, Grenoble, Ufaransa. Kwa kiwango sibishi. Pale waingia sita bora tu kwa kila kundi, na kwa wanawake watano kati ya hao sita walikuwa Wajapani na mmoja Mmarekani, Amber Glenn, na huyo mmoja ndiye akabeba dhahabu, jambo ambalo mwanamke wa Marekani hakulifanya kwenye ile fainali tangu 2010. Kwa wanaume, Ilia Malinin alijaribu miruko saba ya mizunguko minne katika programu moja ndefu (kila mtelezaji aingia mara mbili, programu fupi kisha ndefu, na alama zajumlishwa), aina zote sita za miruko zimo, hata akseli. Akseli ndiyo ngumu kupita zote manake mtu aondoka akiwa atazama mbele na atua akienda kinyumenyume, kwa hivyo minne yawa minne na nusu, na huyu kijana ndiye wa kwanza duniani kuitua kwenye mashindano, mwaka 2022. Alishinda. Lakini baadhi ya ile miruko haikukamilisha mzunguko, wale waamuzi wa ufundi wakairudia kwa video pole pole wakakata alama, na mimi pale kitandani nikabaki moyo mkavu. Niliona mtu apiga hesabu. Mwili hodari ajabu, sijaona kama ule, ila muziki ulikuwa wapita kando yake na yeye hana habari nao. Hiyo ndiyo sababu Grenoble kwangu yaja ya tatu, na mashabiki wake mkinitukana sawa tu.

Na yule anayeniandikia kila mara mbona hukwenda Ufaransa wewe si uko majuu, ndugu yangu, nina pasipoti ya Kenya kama yako. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia nchi za Ulaya, ni yuro 90 na hairudishwi hata wakikunyima, bima ya afya ya yuro 30,000 uwe ushaikata, barua ya mwajiri, statimenti za benki, na kwa mtu kama mimi ambaye makaratasi yangu ya huku bado yaenda, kutoka ni rahisi kuliko kurudi. Siwezi kuhatarisha miaka yangu yote hapa kwa wikendi moja.

La pili kwangu ni ubingwa wa Ulaya, Tallinn, mwisho wa Januari 2025. Sikilizeni hii. Estonia nzima ina watu kama milioni 1.3. Kaunti ya Mombasa kwenye sensa ya 2019 ilikuwa na 1,208,333. Yaani nchi yenye watu kama sisi hapo kisiwani na kandokando yake, na haijawahi kutoa bingwa wa Ulaya wa mchezo huu, halafu mashindano yaletwa kwao, na msichana wao Niina Petrokina ateleza mbele ya watu wake na ashinda. Nililia. Nalia kirahisi siku hizi lakini hii ilistahili. Kile kelele cha ule ukumbi wa Tondiraba hata kwa spika ya simu yangu kilinitoa kitandani nikasimama. Wanaume nao Lukas Britschgi wa Uswisi alikuwa wa nane baada ya programu fupi akamaliza wa kwanza, ndiyo maana nawaambia kila siku musilale baada ya programu fupi.

Wa tatu hapo alikuwa Adam Siao Him Fa, Mfaransa ambaye wazazi wake watoka Mauritius, kwa hivyo mnaoniandikia mchezo wa wazungu hebu tulieni, Bahari ya Hindi hii hii mnayoogelea imetoa mtu. Na ile sarakasi yake ya kupinduka kinyumenyume hewani, ilikuwa imekatazwa miaka na miaka. Surya Bonaly, mwanamke mweusi wa Ufaransa, bingwa wa Ulaya mara tano, aliifanya hata hivyo kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 na akatua kwa mguu mmoja, na hakuna aliyempa alama yoyote kwa lile. Sasa kuanzia msimu wa 2024 na 2025 imeruhusiwa na vijana waifanya watu wapiga makofi. Nafurahi kwao kabisa, na nasikitika kwa Surya.

Ila Tallinn siwezi kuizungumza bila jambo la pili. Mashindano yakiwa katikati, Januari 29, ndege iliyotoka Wichita iligongana na helikopta ya jeshi karibu na uwanja wa ndege wa Washington. Walikufa watu 67. Kati yao 28 walikuwa wa mchezo huu, watoto watelezaji, wazazi wao, makocha, walikuwa watoka kwenye kambi ya vijana iliyofuata ubingwa wa taifa wa Marekani. Klabu ya Boston peke yake ilipoteza sita, na humo wamo Evgenia Shishkova na Vadim Naumov, mabingwa wa dunia wa 1994, mtu na mkewe, ambao walikuwa wakifundisha watoto. Mtoto wao Maxim naye ni mtelezaji, alikuwa amemaliza wa nne kwenye ubingwa huo wa taifa siku chache tu nyuma. Kule Tallinn walisimama kimya. Mimi nlikuwa kazini, nimemlisha bibi mmoja uji, habari ikaja kwa TV ya sebuleni kwake, na yule bibi akanishika mkono manake aliona uso wangu. Baada ya miezi miwili dunia nzima ya mchezo huu ikawa yaja Boston, kwenye mji uliofiwa.

Kwa hivyo Boston ndiyo ya kwanza, na si kwa sababu nilikuwepo. Ningeiangalia kwa simu ingekuwa ya kwanza vilevile.

Treni ya kutoka mji wa Lowell yaishia North Station na ule ukumbi wa TD Garden uko papo hapo juu ya stesheni, kwa hivyo hata shida ya kuegesha gari sikuipata. Ilikuwa Ramadhani, Ijumaa ya mwisho. Nilifuturu kwa tende kitini kwangu, Mmarekani wa kando akaniuliza nikamweleza, akaninunulia maji. Mama angekuwa kwenye kile kiti cha kando. Tuliomba viza yake, tukalipa, tukapeleka makaratasi yote waliyotaka na mengine hawakuyataka, dirishani wakamuuliza maswali kidogo tu na wakamnyima. Mwanamke mzima ana nyumba yake na wajukuu, ati hakuwaridhisha kwamba atarudi. Nimelisema na nitalisema tena, mniwie radhi.

Basi nikampigia WhatsApp. Sisi huku usiku mkubwa, Mombasa daku, saa saba mbele yetu. Akawa aangalia na sahani ya wali mkononi.

Wa mwisho kuingia alikuwa Alysa Liu. Huyu alikuwa bingwa wa Marekani akiwa na miaka 13, kila mtu akimwambia la kufanya, na akiwa na 16 akaacha mchezo wote, akaenda zake kuishi. Hakuumia, alichoka tu. Kisha akarudi kwa hiari yake na kwa masharti yake, na hapa Boston alikuwa na 19, ameongoza programu fupi, gauni la rangi ya dhahabu, pini mdomoni kwa ndani. Mama aliiona ile pini akasema lahaula. Halafu msichana akaanza kuruka na mama akanyamaza.

Sijui niwaeleze vipi. Mwajua kwenye taarab, ule wakati mwimbaji hajamaliza ubeti lakini kina mama washainuka na noti mkononi kwenda kumtunza manake washajua ubeti unakwenda wapi? Ndivyo watu walivyoinuka pale. Muziki haujaisha, ukumbi mzima uko wima, na yule mtoto acheka huku ateleza, acheka kweli kweli. Alama 222.97. Mwanamke wa kwanza wa Marekani kuwa bingwa wa dunia tangu 2006. Na aliyeshindwa naye ni Kaori Sakamoto wa Japani, aliyechukua ubingwa miaka mitatu mfululizo, na Kaori akamkumbatia kwa furaha kama aliyeshinda ni yeye. Mimi kwa mchezo huu natafuta kitu kimoja tu, je huyu mtu ataka kuwa hapa? Malinin siku ya pili yake alishinda kwa zaidi ya alama 31 na nafikiri hatashikika kwa muda, lakini ile Ijumaa ya Liu siibadilishi kwa alama zozote. Jozi ya Kijapani Miura na Kihara pia, waliwapita Wajerumani kwa 0.71, niliangalia kwa simu kwenye basi na nikapitiliza kituo.

Kuna wanaoniuliza niwalete watoto wao wafundishwe. Kuteleza kwa kujifurahisha huku si ghali sana, viwanja vya mitaa vyaachia watu wote kwa saa maalumu na viatu vyakodishwa. Mashindano ni mambo mengine kabisa. Viatu na vile vyuma vyauzwa mbalimbali, na vya watu wakubwa pamoja vyapita dola 1,000, na mguu wa mtoto wakua. Kocha walipa, barafu walipa, nguo, wa kukutungia programu, safari. Sisemi usijaribu, kila mtu na mfuko wake na mtoto wake, wala usije ukaniambia dada alinikataza au dada alinidanganya. Hapo nyumbani uwanja ninaoujua mimi ni ule wa Panari, Nairobi, uliofunguliwa 2005, na timu ya Ice Lions ya hoki ndipo ilipojifunzia, ulizieni kwanza saa zao kabla hamjapanda SGR.

Mnaotaka kuangalia tu, Junior Grand Prix, ya vijana, mwaka 2025 ilianza Agosti huko Riga, Latvia, na shirika la dunia la mchezo, ISU, huirusha bure YouTube. Bure, hakuna kadi, hakuna jina la babu. Nitaandika saa za Mombasa kwenye maelezo hapo chini, na wenye bando la usiku niambieni ni siku zipi niangalie pamoja nanyi laivu, ila si Alhamisi manake nna zamu.