Anayebebwa Ndiye Anayefungwa

Ndugu zangu wanafunzi wa sheria, asanteni kwa kunialika. Habari za wahamiaji wanaovuka Bahari ya Mediterania mmezisikia vya kutosha. Leo nataka tuitazame njia ya wahamiaji inayopita hapa kwetu Tanzania: inaanzia kusini mwa Ethiopia, inaingia Kenya kupitia Moyale, inashuka Tanzania, kisha Malawi au Zambia, hadi Afrika Kusini.

Juni 2012, wilayani Kongwa mkoani Dodoma, miili zaidi ya 40 ya Waethiopia ilikutwa imetupwa porini. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, Tete nchini Msumbiji, maofisa walisikia kelele ndani ya kontena. Walipolifungua, kati ya watu 78 waliokuwamo, 64 walikuwa wameshakufa.

Kwa nini mtu akubali kufungiwa humo? Kwa sababu akipanda basi atashushwa kwenye kizuizi, na kutoka hapo ni polisi, mahakama, gereza. Tunavyozidi kumfunga ndivyo tunavyomtafutia wateja mwenye lori.

Nimeketi mahakamani nikaona vijana wakipandishwa kizimbani kwa mkupuo, baadhi yao miguu mitupu. Mkalimani anasema Kiamhara, na kati yao wapo wanaojua Kihadiya tu. Shtaka linasomwa, wawili watatu wanaitikia kwa kichwa, inaandikwa kwamba wote wamekiri. Faini hawana, basi ni jela. Na kifungo kikiisha bado hawatoki, maana nauli ya kurudi kwao hakuna wa kuilipa. Wanakaa gerezani hadi pengine Shirika la Kimataifa la Uhamiaji liwasafirishe. Hiyo ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa, na inaniuma kuliko ile aliyoitoa.

Sasa sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari na amejitokeza bila kuchelewa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku saba za kujitokeza. Lakini anayekamatwa siku ya pili, siku hizo atazitumia wapi? Mahabusu? Nayo Itifaki ya mwaka 2000 kuhusu usafirishaji wa wahamiaji kwa magendo, ambayo Tanzania imeiridhia, inasema msafirishwaji asishtakiwe kwa sababu tu amesafirishwa. Wakili wa Serikali atawajibu kwamba kosa ni kuingia bila kibali, si kusafirishwa. Kwa maandishi yuko sahihi. Kwa haki, hapana.

Si wote ni wakimbizi. Wengi wanatafuta kazi. Lakini huko Ethiopia vita vya Tigray, kuanzia Novemba 2020 hadi Novemba 2022, na mapigano ya Oromia na Amhara, vimewakimbiza watu wa kweli, na huwezi kuwatambua kwa sura.

Kwa hiyo mtakapovaa majoho, kabla mteja hajajibu shtaka, simameni muombe mahakama imtafutie mkalimani wa lugha yake, aulizwe kama anaogopa kurudi kwao. Kisha muulizeni mwendesha mashtaka mwenye lori yuko wapi.