Mti Uliouawa na Wapenzi Wake: Mama wa Msitu wa Calaveras

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mliokaa mbele, na ninyi wanafunzi mliojibanza karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, habari za jioni.

Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo mtanisikia tena. Kila nikialikwa kwenye sherehe ya kuhifadhi mti mkongwe nakuta yale yale. Uzio umepakwa rangi, kibao kimezinduliwa, mgeni rasmi amekata utepe, tumepiga picha, tumekula pilau, tumerudi nyumbani. Mti umehifadhiwa! Na zege la kusimikia huo uzio limemwagwa juu ya mizizi. Nikisema, naambiwa mzee huyu haridhiki. Ni kweli, siridhiki. Ndiyo maana leo nawapeleka Calaveras, California, kwenye milima ya Sierra Nevada, tukautazame msekoya mmoja, mti wa jamii ile ya miti mikubwa kupindukia, ulioitwa Mama wa Msitu. Mti ule hawakuuua wachana mbao. Waliuua watu waliokuja kuustaajabia.

Najua yupo atakayeinua mkono aseme, mzee, kwa nini California, kwetu hakuna miti? Ipo. Kilimanjaro kuna mkukusu wa mita 81.5, uliotangazwa mwaka 2016 kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika. Siku mtakaponialika kuuzungumzia huo nitakuja, hata nauli nitajilipia. Leo mmenipa misekoya.

Mwaka 1852 mwindaji mmoja, Augustus Dowd, aliyekuwa akiwatafutia nyama wafanyakazi wa kampuni ya maji, alimfuata dubu aliyemjeruhi akajikuta katikati ya misekoya. Vitabu vinasema aligundua. Wamiwok, wenyeji wa asili, walikuwa katika nchi ile tangu enzi na enzi, lakini hao hawakuulizwa. Dowd alirudi kambini akasimulia, wenzake wakamcheka. Inasimuliwa kwamba baada ya siku chache akawaambia ameua dubu asiyebebeka, waje wamsaidie. Walipofika akawaonyesha mti: dubu wangu ndiye huyu.

Mwaka uliofuata mti huo huo ukakatwa. Mbao hawakuzitaka, walitaka kipande cha kuonyesha watu kwa kiingilio. Chini ulikuwa na kipenyo cha mita saba na ushee, wala hapakuwa na msumeno wa kuvuka upana huo. Wakaleta keekee ndefu za kutobolea magogo ya pampu za maji, na wanaume watano wakatoboa tundu baada ya tundu kwa siku 22. Walipokwisha kuukata mti wote, mti ukabaki umesimama! Ulikuwa wima kabisa, uzito wake wenyewe umeushikilia. Ikabidi kupigilia makabari. Ulipolala, kisiki kikasawazishwa kikawa sakafu ya dansi, na tarehe 4 Julai 1854 watu 32 wakacheza juu yake. Gogo nalo likajengewa baa na uwanja wa kuvingirisha mipira.

Mnacheka. Chekeni, lakini huo bado si mti niliokuja kuuzungumzia. Huo ulikatwa ukaanguka, kila mtu akaona, na gazeti moja la Boston likapiga kelele mwaka ule ule kwamba ni ukatili. Kosa linaloonekana siku hiyo hiyo halinisumbui sana, kwa sababu lina mashahidi.

Sasa njooni kwa Mama wa Msitu.

Mwaka 1854 alikuja mtu aitwaye George Gale. Naye alitaka maonyesho, ila alikuwa mwerevu zaidi. Akasema, ya nini kuukata mti mzima? Tuchukue gome tu. Wakaufungia mirunda kuuzunguka, wakapanda, wakachuna gome kuanzia chini mpaka mita 35 kwenda juu. Hebu utazameni urefu huo: ni jengo la ghorofa kumi na zaidi. Gome la msekoya mkubwa hufikia unene wa sentimita 60, yaani zaidi ya dhiraa moja. Walilikata vipande vya karibu mita mbili na nusu, wakaviandika namba, wakavishusha kwa kamba. Uzito wake ulikadiriwa kuwa tani 60. Likasafirishwa New York, likaunganishwa upya kwa namba zile zile, likasimama tupu ndani kama mnara, watu wakalipa wakaingia. Kisha likavushwa bahari hadi London, na mwaka 1857 likasimikwa kwenye Crystal Palace, lile jumba la kioo la Sydenham.

Na Gale hakuwa na wasiwasi. Mti si umebaki umesimama? Majani si mabichi?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hata wewe wa mlangoni. Maji hupanda kutoka kwenye mizizi kupitia mbao ya nje ya shina. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia nyingine, kwenye utando ulio chini ya gome. Ukichuna gome kuzunguka shina lote, maji yanaendelea kupanda, majani yanaendelea kuwa ya kijani, mgeni anafika anapiga makofi. Kumbe mizizi haipati chakula. Inaishi kwa akiba. Msekoya wa ukubwa ule una akiba nyingi, kwa hiyo unakufa taratibu, miaka hata miaka, huku aliyeuchuna amekwisha kuhesabu fedha zake. Kufikia mwaka 1861 kilele kilikuwa kimepukutika.

Bado ulisimama. Mti mfu, wenye alama za misumeno kwenye mwili wake mpaka leo, ukisimama kati ya wenziwe walio hai. Mwaka 1908 moto ukapita msituni. Gome la msekoya ni nene, lina tanini nyingi, halina utomvu wa kushika moto kama wa misonobari, na kazi yake kubwa ni kuukinga mti na moto. Misekoya ya jirani iliyokuwa na magome yake ilisalimika. Mama wa Msitu hakuwa na gome. Akateketea, kikabaki kigogo cheusi ambacho mtu akienda Calaveras leo ataonyeshwa.

Na gome lenyewe? Nalo liliungua. Tarehe 30 Desemba 1866 moto ulilipata jumba lile la kioo, upande liliposimikwa, likaisha. Gome lililozoea kukabiliana na moto wa msituni kwa karne na karne likaja kuteketea ndani ya nyumba ya vioo huko London, jiji la mvua.

Nimelitumia swali hili kwa wanafunzi wengi: Mama wa Msitu aliuawa mwaka gani? Wengi huandika 1908. Wachache wenye bidii huandika 1861. Anayeandika 1854 nampa alama zote na ruhusa ya kutoka mapema. Maana msipoijua tarehe hiyo hamtaweza kuhifadhi mti wowote. Mtakuwa mnaulinda dhidi ya moto wa 1908, na kila mwaka mnaruhusu 1854 nyingine kwa sababu majani bado ni ya kijani. Ukitaka kujua nani anaua mti mkongwe, usimwangalie mwenye shoka peke yake. Angalia nani amejenga choo cha wageni juu ya mizizi, nani amechimba mfereji wa bomba, nani amesawazisha kiwanja cha magari. Wote hao watakuonyesha majani na kukwambia, mzee, mbona uko salama!

Kuna hoja ambayo hunifuata kila ninapokwenda, bora niijibu sasa. Husemwa: kama si maonyesho yale, dunia isingejua kuna misekoya, na kama dunia isingejua, sheria isingepatikana. Kwa hiyo Mama wa Msitu alikufa ili wengine wapone. Hoja tamu, na robo yake ni kweli. Mwaka 1864 Seneta John Conness aliposimama Washington kutetea mswada wa kulitenga bonde la Yosemite pamoja na misekoya ya Mariposa, alitaja maonyesho ya London. Lakini alisema nini? Kwamba Waingereza walioyaona hawakuamini, walidhani ni ujanja wa Wamarekani! Mnaona? Mti umechunwa, umevushwa bahari, umeuawa, na watazamaji wanasema ni uongo. Rais Lincoln alitia saini tarehe 30 Juni 1864. Mariposa ikalindwa. Na Calaveras, iliyotoa kafara? Haikuwemo. Ilibaki mali ya watu binafsi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikanunuliwa na mfanyabiashara wa mbao, na walioamka kuipigania ni vyama vya wanawake wa California, waliopeleka kwa Rais Theodore Roosevelt ombi lenye saini zaidi ya milioni moja. Hata hivyo kijisitu cha kaskazini kilikuja kuwa hifadhi ya jimbo mwaka 1931 tu, na cha kusini kikasubiri mpaka 1954. Nani basi atajitolea kuwa mti wa kafara tena? Mimi simo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nne, naona nimemaliza moja. Nitaharakisha.

Mahandaki. Msekoya wa Wawona, kule Mariposa, uliwahi kuwa na jeraha la moto chini. Mwaka 1881 ndugu wawili walilipwa dola 75 kulipanua mpaka magari ya farasi yakapita katikati ya mti. Ukaanguka katika majira ya baridi ya 1969 chini ya uzito wa theluji, ukikadiriwa kuwa na miaka 2,100. Calaveras nayo ikataka handaki lake, likachongwa miaka ile ile ya 1880 na kitu, na mti huo ukaanguka kwenye dhoruba ya tarehe 8 Januari 2017. Hesabuni wenyewe miaka kati ya kuchonga na kuanguka, kisha mniambie kama kuna aliyeshitakiwa.

Mizizi. Watu wakiona mti wa mita themanini hudhani una mzizi wa kwenda kuzimu. Msekoya mkubwa hauna mzizi mkuu, mizizi yake huishia kina cha mita nne hivi, ila husambaa mita thelathini na zaidi kila upande. Mahali unaposimama kupiga picha ndipo unapoukanyaga. Wamarekani walichelewa kulielewa hili, lakini walipolielewa walitenda. Giant Forest, ndani ya hifadhi ya Sequoia, walibomoa majengo zaidi ya 200 kuelekea mwaka 2000, hoteli, vibanda, maegesho, vyote. Mariposa waling'oa maegesho ya magari na lami wakafungua upya mwaka 2018. Hilo ndilo ninaloliita kuhifadhi. Halina utepe wa kukata, kwa hiyo mgeni rasmi hatakuja.

Moto. Sehemu hii ingestahili jioni nzima. Baada ya Wamiwok na wenzao kufukuzwa, na moto wao mdogo mdogo wa kusafisha msitu kupigwa marufuku, wahifadhi waliuzima kila moto kwa karibu karne moja. Kwa nia njema! Nia njema hata Gale alikuwa nayo. Misekoya michanga ikaacha kuota. Koni zake hukaa zimefumba hata miaka ishirini, joto la moto ndilo huzikausha zikafunguka, na mbegu, ndogo kama punje ya shayiri iliyobanwa, hutaka udongo mtupu na jua. Richard Hartesveldt alilionyesha hili kwa utafiti miaka ya 1960, na mwaka 1968 hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zikaanza kuchoma kwa mpango. Kidogo kidogo mno. Kuni zilikuwa zimeshalundikana, ukame nao ukaja. Moto wa Castle wa mwaka 2020 uliua misekoya mikubwa kati ya 7,500 na 10,600. Mwaka uliofuata mioto mingine ikaua kati ya 2,261 na 3,637. Mti uliozoea moto wa kwenye nyasi ulipelekewa moto wa kwenye kilele.

Mliona picha za Septemba 2021, shina la msekoya uitwao General Sherman limefungwa karatasi ya alumini kama samaki wa kupaka? Dunia nzima iliona. Picha ambayo hamkuiona ni ya Mariposa, Julai 2022. Moto ulifika, na kwenye sehemu iliyokuwa ikichomwa kwa mpango kwa miongo kadhaa haukupata cha kula, ukashuka. Hakuna aliyepiga picha ya kuni ambazo hazikuwepo.

Nilitaka kuwasimulia pia habari za Kapteni Charles Young, mzaliwa wa utumwa Kentucky, aliyepelekwa na askari wake weusi kuilinda hifadhi ya Sequoia mwaka 1903 na katika majira mamoja ya joto akamaliza barabara ambayo waliomtangulia walishindwa kuifikisha kwenye misekoya. Watu walitaka kuupa mti mmoja jina lake. Akakataa, akasema wasubiri miaka 20, na kama bado watafikiri hivyo, sawa. Walisubiri mpaka 2004. Huyo mtamsoma wenyewe, Mwenyekiti amekwisha kusimama.

Maswali nitayapokea, kwa sharti moja: asiniulize mtu msekoya upi ni mkubwa kuliko yote. Ni General Sherman, urefu mita 83.8, ujazo wa shina mita za ujazo 1,487. Sasa niulizeni kuhusu mizizi.