Orodha, Kiwanja na Jerikani: Mhadhara kwa Wahudumu wa Kujitolea, Nakivale

Wazee wa baraza, mama zetu, na ninyi vijana wa timu za afya za vijiji, asanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na herufi tatu. Hapa Nakivale, kama kule Kyaka na Rwamwanja na makazi mengine ya wakimbizi hapa Uganda, mtu hujitambulisha: "Mimi ni PSN," yaani mtu mwenye mahitaji maalumu. Herufi za fomu zimegeuka kuwa kabila. Fomu ilikusudia kusema kwamba mtu huyu ana hitaji fulani katika jambo fulani. Sisi tukasikia kwamba mtu huyu ni dhaifu, basi. Lakini mama aliyekatwa mguu si dhaifu akiwa ameketi kwenye cherehani yake. Udhaifu unaanza pale bomba linapojengewa ngazi, au siku ya mgao inapopangwa kilomita sita kutoka kwake. Kwa hiyo usiandike "mlemavu" ukafunga daftari. Uliza mambo sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuelewana na watu. Kila moja lina majibu manne, kuanzia "sina ugumu" hadi "siwezi kabisa". Kisha ongeza la saba, ambalo fomu haina: ni kitu gani hapa kwetu kinachokuzuia? Jibu likiwa ngazi, dawa yake ni saruji, si huruma.

Neno la pili ni ustahimilivu. Ni neno tamu, na mimi hulichunga kama mtu anavyochunga mfuko wake sokoni. Mwaka 2023 kaya za wakimbizi ziligawanywa makundi matatu ya mgao wa chakula: kundi la kwanza asilimia 60 ya mgao kamili, la pili asilimia 30, la tatu halipati kitu kwa kuwa lilihesabiwa linajitegemea. Mei 2025, fedha zilipokauka, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, iliwaondoa kwenye mgao watu wapatao milioni moja. Sasa tupige hesabu ya huko kujitegemea.

Makazi yaliyofunguliwa 2016, kama Bidi Bidi huko Yumbe, yalitoa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Hizo ni mita za mraba 900, chini ya sehemu ya kumi ya hekta. Mkulima asiye na mbolea akivuna tani mbili za mahindi kwa hekta amefanya kazi nzuri. Kiwanja chote kikilimwa kitampa kilo 180. Tuseme mvua imekubali misimu yote miwili, na mawe ya huko tumeyasahau: kilo 360. Ila kwenye kiwanja hichohicho kuna nyumba, jiko, choo na njia ya kupita, ambavyo vikichukua theluthi moja zinabaki kilo 240. Mgao kamili huhesabu takribani gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi, na kilo 60 kwa kaya ya watu watano. Kilo 240 ni miezi minne. Miezi minane iliyobaki watu hula kibarua cha mashamba ya wenyeji, deni la dukani, na mlo mmoja kwa siku. Ukikuta kaya bado imesimama baada ya hapo, kweli imestahimili. Lakini usichukue kule kusimama kwake kuwa ushahidi kwamba haihitaji chakula, kwa maana hiyo ni kumwadhibu mtu kwa kutokufa.

Sasa wanaouguza, ambao hawamo kwenye orodha yoyote. Mwongozo wa Sphere, ule wa viwango vya chini vya misaada ya dharura, unataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Kwa mgonjwa asiyeweza kuzuia haja, mahitaji ya maji na sabuni yanaweza kufika mara tano. Mara tano ni lita 75, karibu jerikani nne za lita 20. Kichwa ni kimoja, kwa hiyo ni safari nne, na foleni ikichukua nusu saa, binti anayebeba amekaa bombani saa mbili kabla hajapika. Usiku anamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili ngozi ya kiunoni na visiginoni isichubuke. Mgonjwa tumemwandika. Binti hatukumwandika, na siku atakapoanguka yeye, wameanguka wawili. Mpeni kadi ya kupita mbele bombani. Hesabuni sabuni kwa hali ya mgonjwa, si kwa idadi ya vichwa. Majirani wawili wakishika usiku mmoja mmoja kwa wiki, atalala. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe nani amwogeshe. Kumkosesha hata hilo ni madaraka mabaya kuliko yale ya ofisini.

Madaraka ya mgao nayo yana sura yake. Mzee asiyeweza kufika huchukuliwa chakula na mtu mwingine, na mkono mtupu haulambwi: mchukuaji hutaka chake, na bodaboda naye chake. Makosa huanza pale sisi tunapomchagulia mchukuaji, kwa kuwa ni mtu "tunayemwamini". Amchague mzee, ajue anaweza kumbadilisha mgao ujao, na aelezwe kilo zake kabla gunia halijafunguliwa. Kama hasomi, zipimwe mbele yake kwa kopo analolijua.

Malalamiko yasipitie kwa aliyeandika orodha. Kisanduku kiwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio na undugu, kifunguliwe kila wiki mbele ya mashahidi, na kila karatasi ipewe namba. Wasioandika watengewe siku ya kusema kwa mdomo, mahali ambapo mtunza ghala hasikii.

Kisanduku cha hapa kina kufuli moja. Maswali sasa, mzee wa pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja kiwanja.