Matukio na Matendo ya Nje katika Mifumo ya Malipo

Ndugu washiriki,

Mfumo unaotunza kumbukumbu zake kwa njia ya matukio haufuti kitu: kila lililotokea huandikwa mwishoni mwa daftari, na salio la sasa hupatikana kwa kuyasoma matukio hayo kuanzia la kwanza. Usomaji huo waweza kurudiwa wakati wowote, iwe seva ilizimika au kanuni za hesabu zimebadilishwa, bila kumdhuru mtu. Hatari huingia pale msimbo unaosoma tukio unapokuwa ndio huo huo unaofanya matendo ya nje, kama kukata fedha au kutuma ujumbe, kwa sababu siku daftari litakaposomwa upya, wateja wa mwaka mzima watakatwa tena.

Tumchukue mkazi wa Mbagala anayenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, kwa simu saa nne usiku. Malipo yamepokelewa na kuandikwa, mfumo wetu umeomba kwa mtoa umeme tokeni, yaani namba ya kuingiza kwenye mita, kisha mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Wengi hapo huandika kwamba ombi limeshindikana, nami napinga kabisa, kwa maana hakuna aliyelikataa; huenda tokeni imeshatolewa. Kabla ya kuomba, liandikwe tukio la kwamba tokeni inaombwa, likiwa na kumbukumbu namba iliyotengenezwa mara moja tu. Ombi likirudiwa, liende na namba ile ile, ili upande wa pili, ikiwa umejengwa kuitambua, urudishe tokeni ya awali badala ya kutoa nyingine. Jibu likifika, nalo huandikwa kama tukio, pamoja na tarakimu zote 20, na usomaji wa baadaye huzichukua humo humo daftarini.

Matendo hayalingani uzito, na ulinzi wetu ufuate uzito huo. SMS yenye tokeni ile ile ikitumwa mara mbili haileti hasara, kwani mita hukumbuka tokeni iliyokwisha kuingizwa na kuikataa. Kukata fedha mara mbili ni kumwonea mtu. Hata saa, na namba ambazo programu huzichagua kwa kubahatisha, ziandikwe ndani ya tukio, zisiulizwe upya wakati wa kusoma, maana majibu yatakuwa mengine.

Yabaki maombi yasiyo na jibu. Hayo nayaomba yaonekane kwenye dawati la huduma kwa wateja, ili yule wa Mbagala akipiga simu aelezwe ombi lake limefika wapi, asiambiwe anunue tena.