Shukrani Itaje Jina: Ibada Ndogo za Nyumbani

REHEMA: Bwana asifiwe, msikilizaji. Leo tunakaa mezani na kando ya kitanda cha mtoto, maana huko ndiko imani ya familia inakoishi siku sita kati ya saba. Ndugu Elia, tuanze na ile sala ya chakula inayosemwa mikono ikiwa imeshagusa sahani.

ELIA: Amina, dada Rehema. Ile sala haikosei kwa kuwa fupi. Kinachoidhoofisha ni kwamba haitaji kitu wala mtu. "Tunakushukuru kwa kila kitu." Mtoto wa miaka mitano hajui "kila kitu" ni kitu gani! Yeye anajua mkate, viatu, bibi. Ukifungua Zaburi ya 136 utaona mistari 26, na kila mmoja unaishia kwa "kwa maana fadhili zake ni za milele". Lakini soma nusu ya kwanza ya kila mstari: jua, mwezi, Bahari ya Shamu, mpaka wafalme Sihoni na Ogu wametajwa kwa majina. Kiitikio ni kimoja, sababu zinabadilika.

REHEMA: Kwa hiyo mmoja anataja, wengine wanaitikia.

ELIA: Ndiyo. Na asiyejua kusoma naye anaitikia, hata mtoto wa miaka mitatu. Anayeongoza siku hiyo ataje mambo matatu tu: kitu kilicho mezani, mtu aliyepo pale, na jambo lililotokea tangu asubuhi. Isizidi dakika moja.

REHEMA: Hiyo dakika moja nisisitize. Sala ya mezani ikigeuka mahubiri, chakula kinapoa na mtoto mwenye njaa anajifunza kwamba maombi ni kizuizi kati yake na sahani. Kumbukumbu la Torati 8:10 imepanga vizuri: kula, kushiba, halafu kumshukuru Bwana. Basi ombeni baraka kwa sentensi moja kabla ya kula, shukrani ndefu ije sahani zikiwa tupu. Watu wakishashiba hawana haraka.

ELIA: Halafu kuna swali lenyewe. Wazazi wengi huuliza, "Leo unashukuru kwa nini?" Siku ya kwanza mtoto anafikiri. Siku ya nne anarudia jibu la jana, na hapo mzazi anaona zoezi limekufa. Tatizo ni kwamba swali ni pana mno. Uliza hivi: Nani amekusaidia leo? Alifanya nini hasa? Ili akusaidie, aliacha kufanya nini? Ukipata muda wa swali moja tu, chukua la tatu. Mtoto akigundua kwamba mwenzake aliacha kucheza ili amtafutie kalamu iliyopotea, ameanza kuelewa neema. Amepewa kitu kilichomgharimu mwingine, wala yeye hakukilipia.

REHEMA: Na hapo sala inakuja bila kusukumwa: "Mungu, asante kwa rafiki yangu aliyeacha mchezo kwa ajili yangu." Lakini isiishie kwa Mungu tu, ndugu yangu. Katika Luka 17 wakoma wote kumi waliomba kwa sauti, wote wakatii walipotumwa kwa makuhani, wote wakatakasika njiani. Ni Msamaria mmoja tu aliyerudi. Yesu akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Kurudi maana yake ni kutembea mpaka kwa aliyekutendea. Familia ikimshukuru Mungu kwa chakula na asiwepo hata mmoja wa kumwambia aliyesimama jikoni, "Asante kwa kupika," watoto wanajifunza kushukuru asiyeonekana na kumpita anayeonekana.

ELIA: Tena amwambie akimtazama usoni, na ataje kazi yenyewe. "Asante kwa kunifulia sare" inakaa moyoni kuliko "asante kwa yote".

REHEMA: Sasa kuna kosa moja linaloniuma sana. Mtoto anakataa chakula, mzazi anamwambia, "Shukuru, wenzako hawana!"

ELIA: Hilo ni zito, kwa sababu lina sura ya dini. Mtoto anasikia aibu. Tena anafundishwa kwamba kushukuru ni kujiona umemzidi mwenzako. Katika Luka 18 yupo aliyeomba hivyo hivyo: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Hakurudi nyumbani amehesabiwa haki. Kama kweli wapo wasio na chakula, na wapo, waombeeni, kisha amueni mtawapelekea nini. Njaa yao isiwe fimbo ya kumchapia mtoto.

REHEMA: Na nyumba ikiwa na msiba, au mtu amepoteza kazi? Mtume Paulo anasema, "Shukuruni kwa kila jambo."

ELIA: Kigiriki chake kinabeba maana ya "katika kila hali". Hatulazimiki kumshukuru Mungu kwa ajili ya ugonjwa. Tunamshukuru tukiwa ndani yake. Fuata mwendo wa Zaburi ya 13, yenye mistari sita tu. Inaanza na "hata lini?", inafuata na ombi, kisha tumaini. Mruhusu mtoto aseme kinachouma, kisha aseme anachoomba, na shukrani ije mwisho, kama ipo. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia. Kwa hiyo usiku unaweza kuisha kwa machozi na "amina", bila neno "asante". Mwenzi wako akiwa analia, usimwambie ahesabu baraka zake. Kaa naye.

REHEMA: Tumalizie na daftari la shukrani.

ELIA: Moja kwa nyumba nzima, likae mahali pa wazi pamoja na kalamu. Andikeni mara moja kwa wiki, kwa mfano Jumapili jioni. Mkiandika kila siku, mara nyingi mtachoka mapema na maneno yataanza kujirudia. Kila mtu sentensi moja: tarehe, jina la mtu, alichofanya. Mkikosa wiki tatu, msijaribu kuzijaza kwa kukumbuka. Anzeni na leo.

REHEMA: Kijana wa miaka kumi na minne akikataa?

ELIA: Mpe haki ya kuruka zamu yake. Apewe pia nafasi ya kuandika badala ya kusema, na alichoandika kisisomwe kwa sauti bila ruhusa yake. Wala usimsahihishe akimshukuru Mungu kwa ushindi wa timu yake. Huyo ameshaanza kuomba.

REHEMA: Katika daftari hilo napenda ukurasa wa kushoto uwe wa maombi, wa kulia uachwe kwa kilichotokea. Na hapo iandikwe hata "hapana", hata "bado". Katika Yoshua 4 yalisimamishwa mawe 12 ya Yordani ili watoto waulize maana yake. Daftari nalo litaulizwa.

ELIA: Na ukurasa wa kulia ukikaa mtupu mwaka mzima?

REHEMA: Uacheni mtupu. Mzazi asiujaze kwa maelezo ya kumtetea Mungu. Kila mkilifikia ombi hilo, someni tarehe yake, muombe tena, kisha mfungue ukurasa unaofuata.